Mjadala: Chuo kikuu cha umma kianze kumbana nani, mwanafunzi au mpangaji?

MLETA MADA

Ndugu wasomaji, kila mwezi Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zinapowasilishwa bungeni, tunasikia kwa siku mbili tatu habari za taasisi za umma, vyuo vikuu vikiwamo, zenye madai makubwa zisizoyakusanya na mikataba isiyosimamiwa. Baada ya hapo jambo hulala hadi mwaka unaofuata. Ninaloliweka mezani ni kwamba chuo humbana mdaiwa dhaifu kwa sababu ndiye aliye karibu, na humwacha mdaiwa mwenye uwezo kwa sababu mkataba wake ulisainiwa bila kukipa chuo pa kumshikia.

Mtazameni mwanafunzi. Hupewa kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba, na deni lake huonekana kwenye mfumo hadi shilingi ya mwisho. Asipolipa, haruhusiwi kuingia kwenye chumba cha mtihani. Akimaliza masomo, huzunguka na fomu kutoka maktaba hadi bweni, kutoka bweni hadi kwa mhasibu, na cheti hakitoki mpaka kila ofisi igonge muhuri kwamba hadaiwi. Utaratibu huo ni mkali, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba haufanyi kazi.

Sasa mtazameni mpangaji wa chuo hichohicho, mwenye mgahawa, duka la vifaa vya kuandikia au ukumbi. Katika chuo kimoja nilichowahi kufanya kazi, ambacho sitakitaja, niliona jalada la mpangaji wa namna hiyo. Mkataba ulikuwa na sahihi yake, lakini nafasi ya sahihi ya chuo ilikuwa tupu na tarehe haikujazwa. Muda wa upangaji ulikuwa umekwisha zamani, naye bado alikuwamo ndani, akilipa kodi ileile ya awali pale alipojisikia, na umeme alitumia wa chuo kwa kuwa hakuwekewa mita yake. Nyuma ya mkataba zilifungwa barua za kumkumbusha deni, zote zenye maneno yaleyale, zimebadilishwa tarehe tu. Hapo hata dalali wa mahakama angefanya nini?

Si vibanda peke yake. Mkataba wa mwaka 2004 kati ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwekezaji wa Mlimani City, uliohusu ardhi ya chuo kwa miaka mingi, umejadiliwa mara kwa mara na wakaguzi na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, na mojawapo ya hoja zilizorudi ni namna mgawo wa chuo katika mapato unavyopaswa kukokotolewa. Sina nia ya kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba jambo la namna hiyo lilipaswa kuisha kwenye meza ya majadiliano kabla ya kalamu kugusa karatasi, kwa maneno ambayo mhasibu na mwanasheria wangeyasoma kwa maana moja, na pengine kwa mfano wa hesabu kuambatishwa kwenye mkataba wenyewe.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Cheti cha mhitimu kisizuiliwe kwa sababu ya ada, kwa kuwa mtu asiye na cheti hapati kazi, na asiye na kazi hana cha kulipa. Atoe hati ya kukiri deni, apewe cheti chake. Pili, nguvu inayotumika kwa mwanafunzi ihamishiwe kwenye mikataba ya mapato, ikianzia kwenye uandishi wake.

MCHANGIAJI WA KWANZA (aliwahi kuwa mhasibu wa chuo)

Mleta mada, heshima yako. Umeeleza vizuri habari za mpangaji, lakini la cheti naona umelirahisisha mno. Mimi nimekaa dirishani. Ukitangaza kwamba cheti hakizuiliwi, ada itakuwa kitu cha mwisho ambacho mzazi anafikiria, baada ya msiba, harusi na saruji. Hati ya kukiri deni ni karatasi nzuri, ila mhitimu hubadilisha namba ya simu kabla wino haujakauka.

Isitoshe, umewaweka wanafunzi wote kapu moja. Sehemu ya deni linaloandikwa kwa jina la mwanafunzi si lake kwa hakika. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu anatakiwa kusaini ili fedha za ada zilizokuja chuoni zihesabike kuwa zake. Wapo wanaokimbilia kusaini boom, yaani fedha ya kujikimu, na kuisahau ada, na fedha isiyosainiwa inapaswa kurudishwa Bodi. Wapo pia wanaofadhiliwa na taasisi za Serikali ambazo zenyewe huchelewa kulipa. Utampelekea nani dalali, wizara?

Na kuhusu mpangaji, tuseme ukweli ambao hauandikwi kwenye majalada. Mara nyingi mpangaji asiyelipa ana mtu. Ofisa wa miliki akipeleka notisi asubuhi, mchana anapigiwa simu aulizwe kwa nini anasumbua wawekezaji. Mwanafunzi hana mtu wa kupiga simu hiyo, na ndiyo maana mfumo wake unafanya kazi.

MCHANGIAJI WA PILI (mwanasheria)

Nitagusa sheria tu. Barua za kukumbusha alizoziona mleta mada hazisimamishi saa ya muda wa kufungua shauri. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, shauri la kawaida la kuvunja mkataba linapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 6. Kinachoianzisha hesabu upya ni mdaiwa kukiri deni kwa maandishi na kusaini, au kulipa sehemu yake. Ofisi inayoandika kila robo mwaka bila kupata jibu lililosainiwa inatunza kumbukumbu ya uzembe wake yenyewe. Vilevile, chuo kinachoendelea kupokea kodi baada ya mkataba kuisha hakiwezi kirahisi kumgeukia mpangaji huyo na kumwita mvamizi.

Jambo lingine ambalo halijatajwa ni mikataba ya wahadhiri wanaosomeshwa shahada ya uzamivu kwa sharti la kurudi kutumikia chuo. Wasiporudi, chuo hudai fedha yote iliyotajwa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiendi hivyo: mahakama hutoa fidia ya kiasi kinachostahili, isiyozidi kilichotajwa. Chuo kisichotunza hesabu ya karo, nauli na mishahara iliyolipwa kitapata shida kueleza kwa nini kinastahili kulipwa kiasi kinachodaiwa. Na mdhamini aliyeandikishwa kwa sanduku la posta tu hana tofauti na kutokuwa na mdhamini.

Tukumbuke pia kwamba jicho letu la kisheria limeelekezwa zaidi kwenye fedha zinazotoka. Kanuni za ununuzi za mwaka 2013 ziliagiza mikataba ya zabuni yenye thamani ya shilingi bilioni 1 au zaidi ihakikiwe na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na iliyo chini ya hapo ihakikiwe na mwanasheria wa taasisi. Kodi ya mgahawa haifiki popote karibu na kiasi hicho, kwa hiyo mkataba wake mara nyingi huandikwa kwa kunakili wa mpangaji aliyetangulia, pamoja na makosa yake.

MLETA MADA

Ndugu mhasibu, sijasema milango ya mitihani ifunguliwe kwa kila asiyelipa. Mwanafunzi aliyeko chuoni anapata huduma, na ni haki adaiwe wakati anaipata; tena kama chuo kimemfikisha mwaka wa mwisho akiwa na deni la mwaka wa kwanza, chuo nacho kijiulize kilikuwa wapi. Ninayemtetea ni yule aliyekwisha kufaulu. Bodi ya Mikopo haishiki cheti cha mtu. Humsubiri apate ajira, kisha mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichowekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Vyuo havina mamlaka hayo, na sioni kwa nini Bunge lisiombwe kuweka utaratibu wa kuunganisha deni la ada lililokiriwa na makato hayo, bila riba, ili mhitimu asikatwe mara mbili. Tumeona mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha ilivyoondolewa kwa wadaiwa wa Bodi baada ya malalamiko ya miaka. Tusiirudishe kwa mlango wa nyuma.

Hilo la "ana mtu" ndilo zito, na nakubali kwamba sheria peke yake haimalizi. Lakini simu ile hupigwa kwa sababu anayepigiwa ni ofisa mmoja, na jalada liko mezani kwake peke yake. Orodha ya wapangaji, kila mmoja na kodi yake, tarehe ya mkataba kuisha na umri wa deni, ikipelekwa kwenye Baraza la Chuo kila kikao na kuingia kwenye kumbukumbu za kikao, anayetaka kumkingia kifua mdaiwa atalazimika kusema hivyo mbele ya wajumbe.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyekaa dirishani: katika miaka yako, orodha ya namna hiyo iliwahi kufika Barazani ikiwa na majina, au ilifika ikiwa jumla moja tu kwenye mstari wa "wadaiwa wengineo"?