Tupeane uzoefu: Uliandikiwa picha hospitali, nani alikueleza ya nini?

Mleta mada (mtaalamu wa mionzi, Mtwara mjini)
Wakuu, habari za majukumu. Nafanya kazi chumba cha picha hapa Mtwara mjini. Tunapokea watu kutoka Tandahimba, Nanyamba, wengine Nanyumbu huko. Ana karatasi mkononi, nauli kakopa, lakini hajui kinachotafutwa. Wapo wanaodhani eksirei yenyewe ni tiba. Akitoka anauliza, "Mbona bado nasikia maumivu?" Huyo hana kosa, hakuna aliyemwambia.

Nikimwambia, "Tunaangalia mfupa umevunjika wapi na umekaaje, ili daktari aamue kama ni plasta au upasuaji", anatulia. Na akitulia picha inatoka safi, haturudii. Kurudia ni mionzi juu ya mionzi.

Kwa wanaoogopa mionzi: eksirei moja ya kifua ni kidogo, karibu sawa na ile ambayo mwili hupata kutoka ardhini na angani kwa siku 10 hivi. Siti skani, ile mashine ya duara inayopiga picha nyingi za ndani ya mwili, ina mionzi mingi zaidi, ndiyo maana haiandikwi ovyo. Mjamzito aseme mapema kabla hajaingia. Karibuni, mlielezwaje?

Mama wa Newala
Mimba yangu ya pili mama mkwe alikataa altrasaundi, eti inamchoma mtoto. Nesi wa kliniki hakubishana naye. Alimwita ndani, akamwambia, "Mama, hii ni sauti tu, haina mionzi. Shika hapa." Akampaka jeli kidogo mkononi, akamwekea kile kipimo. Mama mkwe akakiri hakichomi.

Ikaonekana kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wa kizazi. Wakanieleza kwamba mara nyingi hupanda kadiri tumbo linavyokua, nirudi mwezi wa 8. Nikarudi, halijapanda. Nikahamia mjini kwa dada yangu, nikae karibu na hospitali, nikajifungua kwa upasuaji uliopangwa. Aliyenisindikiza na kulipa ni mama mkwe huyo huyo.

Mjukuu, Nachingwea
Babu alikuwa anakohoa, jasho usiku, kakonda. Kuandikiwa eksirei akakasirika: "Mimi nimevunjika nini?" Kwake eksirei ni ya mifupa. Ilipotoka, daktari akaiweka kwenye mwanga: hapa peusi ni hewa, hizi nyeupe ni mbavu, na hili wingu juu kulia halikutakiwa kuwepo. Akaongeza kwamba picha peke yake haitoshi kusema ni kifua kikuu, makohozi lazima yapimwe. Yakapimwa, ikawa ndiyo.
Dawa za miezi 6 babu alizimaliza zote. Kila akianza kuchoka nazo alisema, "Lile wingu nimeliona mwenyewe."

Mdau wa Masasi
Mimi niliambiwa "vua, panda, usiheme", basi. Majibu nikapewa kwenye bahasha, nikarudi nyumbani nayo. Sikujua kama natakiwa kurudi kwa daktari. Mguu ukaunga upande.

Mleta mada
Pole sana mkuu. Hili linaniuma, kwa sababu sentensi moja tu ingetosha. Jamani, kabla ya kulipa muulize daktari: "Jibu la picha hii litabadilisha nini kwenye matibabu yangu?" Ni haki yako, na daktari mzuri hachukii. Picha za zamani msizitupe, tunazilinganisha na mpya.

Mama wa Newala
Kesho nampeleka shangazi altrasaundi ya nyongo. Ale asile?

Mleta mada
Asile kwa masaa 6 hadi 8, dada. Akila, hasa vya mafuta, kifuko cha nyongo hujikaza na mawe hayaonekani vizuri. Maji kidogo ruksa. Kama anatumia dawa za sukari, apige simu kwanza aulize, na mwambie aombe kuwekwa wa mwanzo asubuhi.