Nina miaka 37, nacheza baleti, goti limenigomea. Mliowahi kupona goti mlifanyaje?

Kisigino Juu
Habari za jioni wakuu.

Najua kuna watakaocheka kabla hawajamaliza kusoma. Chekeni, halafu mnisaidie. Mimi ni mama wa watoto wawili, mhasibu, naishi Forest hapa Mbeya. Baleti, ile dansi ya Kizungu ya jukwaani, nilianza nikiwa na miaka 31, wakati nafanya kazi Dar, darasa la watu wazima la kila Jumamosi. Sikuwa na ndoto ya jukwaa, nilitaka tu kitu cha kunitoa kwenye vitabu vya hesabu. Nilipohamishiwa huku sikupata darasa, nikawa najifanyia mwenyewe: alfajiri sebuleni, na Alhamisi jioni kwenye ukumbi wa kanisa tunaoazimwa, mimi na wadada wawili niliowaambukiza.

Mwezi wa tatu nilikuwa nazunguka kwa mguu mmoja pale ukumbini. Chini ni zege, juu yake zulia. Mguu niliosimamia ukang'ang'ania zulia, mwili ukaendelea kuzunguka. Nikasikia kitu kinajivuta goti la kushoto, upande wa ndani. Sikuanguka, nikamalizia hata darasa (ndiyo, najua). Asubuhi goti limeumuka kama andazi.

Nikaenda kituo kimoja cha afya. Eksirei ikasema mifupa mizima. Nikachomwa sindano ya maumivu, diklofenaki, nikapewa bendeji ya kubana na maneno haya: "Mama, hiyo michezo waachie watoto." Nikapumzika wiki sita, kupumzika kwelikweli, bajaji mpaka mlangoni. Uvimbe ukaisha. Nikarudi ukumbini Alhamisi moja, Ijumaa goti limejaa tena.

Sasa ni Juni na baridi ya Mbeya mnaijua. Kushuka ngazi za ofisini nashika ukuta, nikichuchumaa kuna kitu kinabana ndani. Nauliza: ndiyo nimekwisha? Na kama sijakwisha, nianzie wapi nikiwa huku huku? Nawasilisha.

Ngoja Waje
Ngoja wataalamu wa magoti waje. Mimi nimekaa na karanga zangu.

Boda wa Mafiati
Baleti si vile viatu bapa vya akina dada? 😂 Halafu miaka 37 unazunguka kwa mguu mmoja kwa ajili ya nani? Kimbia mbio za polepole asubuhi kama wenzako.

Kisigino Juu
Kwa ajili yangu mkuu. Mbio nilijaribu, milima ya huku ikanishinda, na sasa goti lenyewe hili.

Mama wa Itende
Pole sana mwanangu. Goti ni baridi hiyo imeingia. Kanda maji ya moto yenye chumvi asubuhi na jioni, halafu upate mtu mwenye mkono mzito akuchue na mafuta ya nyonyo mpaka damu iliyolala iamke. Mimi goti langu lilipona hivyo nikaendelea kulima viazi.

Mazoezi Tiba
Shikamoo mama. Maji ya moto kwa msuli uliokakamaa sina ugomvi nayo. Ila goti linalovimba bado, na mkono mzito juu yake, hapana. Unaongeza hasira juu ya hasira.

Mleta uzi, kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Nijibu haya kwanza. Goti linakwama? Simaanishi kubana, namaanisha linakataa kunyooka mpaka ulitikise. Linakuachia, yaani unatembea mara linalegea kama si lako? Siku ile uvimbe ulikuja baada ya muda gani? Na uweke kidole kimoja, kimoja tu, pale panapouma.

Kisigino Juu
Asante kwa kuja. Halikwami. Haliniachii. Uvimbe niliuona asubuhi, usiku nililala vizuri. Kidole kinaangukia upande wa ndani, kwenye kile kimfereji mifupa miwili inapokutana. Hata usiku nikilala kiubavu magoti yakagusana, panauma.

Namba Nne Mstaafu
Hapo kwenye muda wa uvimbe nisikilizwe mimi niliyechana kano ya mbele ya goti nikicheza ndondo Iyunga. Mimi nilisikia "tap!" hata beki mwenzangu akasikia, na kabla hawajanifikisha nyumbani goti lilikuwa kama tikiti. Baada ya hapo nikitembea linaniachia, nilianguka mara mbili Mwanjelwa sokoni mbele za watu. Nikaishia MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wakatengeneza kano, na kocha wa mazoezi akanikataza mpira kabla ya miezi tisa kutimia. Wewe dada la kwako halifanani na langu, shukuru.

Ila kitu kimoja kinafanana: paja. Pima mapaja yote mawili na futi ya fundi cherehani uone.

Mazoezi Tiba
Namba Nne umenena. Sasa dada, siwezi kukupima kwenye simu, kwa hiyo haya ni ya kukusaidia kuuliza maswali ukifika kwa daktari.

Eksirei inaonyesha mfupa. Ndani ya goti kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, tunaviita meniskasi, vinabeba uzito kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Eksirei haivioni. Mguu ukiganda chini huku mwili unazunguka, kimoja kinabanwa na kusokotwa. Uvimbe wa kesho yake, maumivu kwenye huo mfereji, kubana ukichuchumaa: vyote vinaelekea huko. MRI, kile kipimo cha picha kwa sumaku, ndiyo inayoviona, lakini daktari mzoefu akilikunja na kulizungusha goti kwa mikono anajua mengi kabla hujalipia kipimo.

Habari njema ni kwamba kwa watu wa umri wetu, goti lisilokwama, tunaanza na mazoezi ya miezi mitatu hivi kabla ya kutaja kisu, na wengi hawafiki kwenye kisu. Likikwama kweli, usikae nalo, nenda upesi. Na siku shavu la mguu likivimba, likiwa la moto na kuuma lenyewe bila sababu, hiyo ni safari ya siku hiyohiyo, inaweza kuwa damu iliyoganda.

Kosa la zile wiki sita ni kwamba uliondoa mzigo wote, halafu siku moja ukaurudisha wote. Paja linasinyaa haraka mno goti likiuma. Ukarudi kuzunguka na goti lisilo na mlinzi.

Anza hivi. Kaa kitandani, kunja khanga iwe kama mkate, weka chini ya goti, likandamize kwa kubana msuli wa paja, hesabu tano, achia. Mara kumi, mara tatu kwa siku. Halafu mguu ukiwa umenyooka uinue kiasi cha shubiri na uushushe taratibu. Lala ubavu, inua mguu wa juu, huo ni msuli wa nyonga, wachezaji wengi wanausahau. Wiki ya pili ya utulivu, kaa na kusimama kwenye kiti bila kushika. Baadaye kupanda tofali moja na kushuka polepole. Kushuka ndiko kunakofundisha.

Kipimo chako ni maumivu ya 0 mpaka 10. Yakifika 3 endelea, yakipita punguza. Asubuhi liangalie goti: likivimba, jana ulizidisha, kata nusu lakini usiache. Diklofenaki isiwe chai ya kila siku, inachimba tumbo na kuumiza figo, tena inakuficha usijue umezidisha.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo hapo Mbeya wana fiziotherapia. Usisafiri kwenda mbali kabla hujaanzia nyumbani.

Kisigino Juu
Nimepima kwa futi. Kulia sentimita 49 na nusu, kushoto 47. Nimekaa kwenye ukingo wa kitanda nikalitazama hilo paja kama la mtu mwingine.

Binti Gangilonga
Dada wa Mbeya, nakusalimu kutoka Iringa. Nilisoma ngoma TaSUBa, chuo cha sanaa Bagamoyo, baleti nikaijia ukubwani kama wewe, na goti langu liliniharibikia kwa njia nyingine ambayo nahisi na wewe unayo.

Ngoma zetu nyingi miguu inakanyaga chini, goti limelegea, vidole vinatazama mbele. Baleti inataka vidole vitazame nje. Mtoto wa miaka nane anafundishwa hilo taratibu, sisi watu wazima tunalilazimisha kwa wiki moja. Jipime. Lala chali, miguu imenyooka, geuza mapaja nje bila kusaidiwa na kitu. Mwambie mtu aangalie vidole vinatazama wapi. Kisha simama ujipange kama kawaida yako. Kama ukisimama miguu inafunguka kuliko ulivyolala, ile ziada hukuitoa kwenye nyonga. Umeikopa gotini na kwenye kifundo, na zulia ndilo lililokukopesha kwa sababu linashika nyayo zisirudi.

Ukikunja magoti, tazama chini: goti liwe juu ya kidole cha pili. Likiingia ndani, punguza kufungua. Utaona haya, mimi nilijiona kama bata. Na kule kukunja magoti mpaka chini kabisa kuweke pembeni miezi kadhaa, nusu inatosha.

Kisigino Juu
Binti, nimelala, mume wangu ameangalia. Tumecheka halafu tukanyamaza. Nikisimama ninafungua karibu mara mbili ya nilivyolala. Miaka sita hakuna aliyeniambia.

Boda wa Mafiati
Kwa hiyo mume alikuwa anapima pembe na protrakta? Endeleeni, uzi umeanza kunoga.

Seremala wa Mafinga
Mimi sijui baleti, najua mbao. Zulia juu ya zege ni mtego, linashika mguu na halinepi. Ukitua, mshindo wote unarudi gotini.

Huku tuko jirani na msitu wa Sao Hill, paini si ya kutafuta. Kwa sebule, eneo la futi nane kwa nane linatosha. Nunua mbao za inchi mbili kwa mbili zilizokauka vizuri, mbichi itakupindia kabla ya Krismasi. Chini ya kila mbao gonga vipande vya raba, hata soli za kandambili zilizoisha, kila baada ya sentimita 30 hivi, ili mbao isiguse sakafu. Juu laza plaiwudi ya milimita 12 tabaka mbili, za juu zikatize za chini, maungio yasikutane. Plaiwudi ni futi nne kwa nane, kwa hiyo unahitaji vipande vinne tu. Skurubu, si misumari, misumari hutoka na kuchana mguu. Usipake vanishi inayong'aa, utateleza uturudie na uzi wa kiuno.

Mama wa Itende
Seremala, hiyo hata ya kukaushia mahindi inafaa.

Namba Nne Mstaafu
Na upashe mwili joto, dada. Alfajiri ya Juni Mbeya wewe unanyanyua mguu sebuleni! Sisi tulikuwa tunavaa suruali mbili na kuzunguka uwanja dakika kumi na tano kabla hata hatujagusa mpira.

Kisigino Juu
Mrejesho, Agosti.

Nilienda Rufaa. Daktari alilikunja goti, akalizungusha, nikaruka. Akasema meniskasi ya ndani, haina dalili ya kuhitaji upasuaji kwa sasa, akanipeleka fiziotherapia mara mbili kwa wiki. Dada anayenihudumia hakunicheka hata kidogo, aliniomba nimwonyeshe jinsi ninavyosimama.

Wiki ya tano niliharibu. Kulikuwa na kipaimara Uyole, nikavaa viatu virefu, nikacheza na mashangazi mpaka saa nne usiku. Asubuhi andazi limerudi. Safari hii nilikata mazoezi nusu, sikuacha, siku ya tatu likatulia.

Paja la kushoto sasa ni 48 na ushee. Sakafu imejengwa, fundi wa Kabwe alishangaa nilipomletea mfuko wa kandambili mbovu. Watoto wameigeuza uwanja wa kurukia. Mimi nashika kaunta ya jikoni kwa mikono miwili, nafungua miguu kama saa tano na saa saba, basi, siongezi. Ngazi za ofisini nashuka bila ukuta, ingawa Ijumaa jioni bado nalisikia.

Swali kwa Mazoezi Tiba: kusimama kwa mguu mmoja na kuinua kisigino, kulia nafika 26, kushoto 14. Wadada wangu wanataka turudi ukumbini Alhamisi. Naruhusiwa kuruka?

Mazoezi Tiba
Hongera, lakini 14 bado. Nenda nao ukashike ukuta, ukafanye ya miguu miwili, uwaangalie wakizunguka. Kushoto ikifika angalau 23, na ukaweza kusimama kutoka kwenye kiti kwa mguu huo mmoja bila goti kuingia ndani, ndipo uanze kuruka miguu miwili juu ya sakafu ya Seremala, vijiruko kumi, uangalie asubuhi. Mzunguko uwe wa mwisho kabisa kurudi. Na huko ukumbini likunjeni lile zulia.

Kisigino Juu
Mzee wa kanisa kakubali tulikunje. Amesema tukimaliza tulitandike kabla ya kwaya kuingia.