Mrejesho: risiti za ghala la dagaa zimenyooka

Wakuu, niliahidi mrejesho. Niliuliza nifanyeje risiti za ghala letu la dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, zipangike, maana jina la mteja likiwa refu bei ilikuwa inaangukia mstari wa chini.

Aliyenishauri niandike filta yangu ya CUPS (mfumo wa kuchapa wa Linux na macOS) niachane na kuhangaika na programu ya mauzo, ubarikiwe. Kumbe filta ni programu ya kawaida tu, inayopanga data kabla haijafika kwenye printa. CUPS inaiita kwa namba ya kazi ya kuchapa, jina la mtumiaji, kichwa, idadi ya nakala na chaguo, pengine na jina la faili mwishoni. Faili lisipotajwa, unasoma kwenye ingizo la kawaida (stdin). Karatasi yetu ya milimita 58 inabeba herufi 32 kwa mstari: jina nimelipa 14, kilo 6, bei 12 zilizosukumwa kulia. Jina refu linakatwa, bei haisogei ng'o!

Filta ikigoma kabisa, angalia ruhusa kwanza: mmiliki awe root (msimamizi mkuu wa mfumo), na mwingine yeyote asiweze kuliandika faili la filta. Nazo jumbe za DEBUG (za kutafutia hitilafu) zipelekwe kwenye mkondo wa makosa (stderr), la sivyo mteja atazisoma katikati ya bei za dagaa.

Najua CUPS 3 inaachana na PPD (mafaili ya maelezo ya printa), hilo tutalikabili likifika. Sasa bosi anataka nembo juu ya risiti. Mwenye uzoefu wa kuchapa picha kwa ESC/POS (amri za printa za risiti) anisogezee mfano.