Msaada: matangazo ya kamari na picha za aibu yanaruka kwenye kompyuta mbele ya wateja

Mama Steshenari
Habari za leo wakuu. Naombeni msaada, nisipoangalia nitakimbiwa na wateja.

Nina laptopu ya HP ya mtumba, Windows 10, RAM 4. Nyumbani tunaitumia mimi na watoto, mchana nakuja nayo dukani hapa Nyegezi: kuchapa, kuprinti, kujaza maombi ya mkopo ya wanafunzi. Sasa siku hizi pale chini kulia, juu ya saa, vinaruka visanduku. Mara "kompyuta yako ina virusi, bonyeza hapa", mara kamari, mara wadada waliovaa nusu. Juzi alikuja mzee wa kanisani kwetu kuchapiwa kadi ya mchango wa harusi. Tumekaa bega kwa bega tunahakiki jina la bwana harusi, kikaruka kidada kimoja na maandishi kwamba yuko jirani na anakusubiri. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Hakusema neno. Nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu nikifungua Chrome haiji Google, unakuja ukurasa wa kutafutia nisioujua, na ukitafuta kitu majibu ya juu yote ni biashara za watu. Bando la siku lililokuwa linanifikisha jioni sasa linakata mchana. Kijana anayenisaidia anasema alishusha programu ya kubadili PDF iwe Word, basi, mteja alikuwa na haraka. Nimeskani kwa antivairasi iliyokuja na Windows, inasema hakuna tatizo.

Fundi mmoja kaniambia dawa ni kupiga Windows upya na vitu vyote vitafutika. Humo kuna kazi za watu. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Fundi Makoroboi
Pole dada. Usiumize kichwa, piga Windows. Flashi yangu ina kila kitu, Windows, Office, inajiaktiveti yenyewe, ukinywa chai ukimaliza na mashine iko tayari. Elfu ishirini na tano, ukija leo ishirini. Vitu vyako navihifadhi pembeni, havipotei.

Kokoto la Bwiru
Fundi, hapo kwenye "inajiaktiveti yenyewe" ndipo penye mgogoro. Hizo programu za kuamsha Windows bila leseni ni mlango mmojawapo mkubwa wa uchafu huu huu dada anaoulalamikia, na nyingi zinakwambia uzime antivairasi kwanza. Mtu anayekuomba umfunge mbwa wako kabla hajaingia ndani, wewe unamfikiriaje?

Fundi Makoroboi
Nimepiga Windows za nusu ya Mwanza hii na sijaona anayelalamika.

Kokoto la Bwiru
Wanarudi kwako kila baada ya muda kupiga tena, watalalamikaje? 😂

Jiwe la Malimbe
Tusimchanganye mama wa watu. Mama, kwanza nijibu haya matatu:

Kile kisanduku kikiruka, kina kinembo cha Chrome na jina la tovuti kwa maandishi madogo? Ukifunga Chrome kabisa, kinaendelea? Na ukibonyeza vile vidoti vitatu juu kulia kwenye Chrome, chini kabisa ya menyu kuna mstari unaosema brauza inasimamiwa na shirika lako?

Nauliza kwa sababu wengi wakiona matangazo wanadhani ni kirusi kimoja, kumbe mara nyingi ni vitu tofauti vilivyoingia kwa njia tofauti, na kila kimoja kina mahali pake pa kukitoa.

Mama Steshenari
Asante mwanangu. Kinembo cha Chrome kipo, na jina la tovuti refu lisilosomeka. Ule mstari wa shirika nimeuona kweli. Shirika gani tena, mimi nina duka la kuprinti! Nikifunga Chrome vinapungua, ila haviishi.

Jiwe la Malimbe
Basi una vitu viwili, pengine vitatu.

Visanduku vya pembeni ni arifa. Kuna tovuti ilimwambia mtu "bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti", akabonyeza, na tangu hapo ina ruhusa ya kukutumia inachotaka. Ndiyo maana antivairasi haioni kitu: hakuna faili la kukamata, kuna ruhusa iliyotolewa. Hazikomi vizuri ukifunga dirisha kwa sababu Chrome inaweza kuendelea kufanya kazi kimyakimya nyuma. Andika pale juu kwenye anwani chrome://settings/content/notifications kisha ingia. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Toa zote usizozijua, halafu chagua tovuti zisiruhusiwe kabisa kuomba kutuma arifa. Duka la kuprinti halihitaji arifa ya mtu.

Hili la pili ni la kazi. Nenda appwiz.cpl, ndiyo orodha ya programu zilizowekwa kwenye mashine (shika kitufe cha Windows na R, andika hivyo, ingia). Ipange orodha kwa tarehe. Angalia kilichoingia siku ile kijana aliposhusha hiyo ya PDF, na vilivyoingia pamoja nayo siku hiyo hiyo. Mara nyingi haiji peke yake, inakuja na wenzake: kibadili ukurasa wa mwanzo, "kiongeza kasi", kisoma hali ya hewa. Viondoe vyote. Kikikuuliza "una uhakika? utakosa ofa", endelea tu.

Kisha chrome://extensions. Hivyo ni viendelezi, vidude vinavyojibandika ndani ya brauza. Toa usivyovijua. Kama kipo ambacho kitufe cha kutoa hakibonyezeki, usihangaike nacho, rudi hapa uniambie.

Msafiri wa Nansio
Dada Steshenari, tafuta kisafishaji cha kuongeza kasi ya kompyuta, zipo nyingi za bure. Mimi niliweka moja ikaniambia nina makosa mia kadhaa, ikayatoa.

Kokoto la Bwiru
Ndugu Nansio, ikakwambia ulipie ili itoe yaliyobaki?

Msafiri wa Nansio
Ee, ilisema hivyo. Umejuaje?

Kokoto la Bwiru
Iondoe leo.

Mama Steshenari
Nimerudi. Arifa nimezikuta za tovuti nyingi ajabu, nimefagia zote, na visanduku vimekoma, Mungu awabariki. Ile ya PDF nimeiondoa na programu nyingine mbili za siku ileile. Lakini kwenye viendelezi kuna kimoja cha kutafutia, kimeandikwa kimewekwa na msimamizi, hakitoki. Na ukurasa ule wa ajabu bado upo.

Jiwe la Malimbe
Nilikitarajia. Chrome ina mlango uliotengenezwa kwa ajili ya maofisi: mtu wa kompyuta wa kampuni anaweka sera, mfanyakazi asiweze kuibadili. Watu wa matangazo wanapitia mlango huohuo. Ndilo "shirika" lako hilo mama.

Andika chrome://policy uone sera zilizowekwa. Ukikuta ExtensionInstallForcelist, huyo ndiye anayekishikilia kiendelezi. Kinatolewa kwenye rejista ya Windows, yaani pale Windows inapotunza mipangilio yake, lakini kabla hujafika huko shusha AdwCleaner, programu ya kufagia uchafu wa matangazo, kutoka tovuti ya kampuni ya Malwarebytes yenyewe, malwarebytes.com. Usibonyeze matokeo ya kwanza ya kutafuta, maana ukurasa wako wa kutafutia ndio mgonjwa. Andika anwani kwa mkono. Ni ya bure, ni ndogo, haisakinishwi: unaifungua tu, inaskani, inakuonyesha ilichokuta, unathibitisha, inawasha mashine upya. Hifadhi kazi zako kwanza.

Ikimaliza rudia chrome://policy. Kama sera bado ipo, Windows na R, andika regedit, fuata HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Policies, Google, Chrome. Bonyeza kulia hiyo folda ya Chrome, ihamishe nakala kwanza (Export) kwenye faili ikae mezani, halafu ndiyo ufute. Angalia na njia hiyohiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Usiguse kingine chochote humo ndani, hata kama jina lake linakukera. Na kama mkono unatetemeka, mwite mtu anayejua akae pembeni.

Kitu ambacho watu wengi wanakiruka: taskschd.msc. Ni ratiba ya kazi za Windows. Uchafu mwingine unaweka humo kazi ya kujirudisha kila mashine inapowaka, ndiyo maana mtu anasafisha usiku asubuhi anaukuta umekaa. Tafuta yenye jina la ile programu ya PDF au herufi zisizo na maana, soma inaendesha faili gani, izime. Ya Microsoft na ya printa yako iache.

Mwanachuo Mkolani
Naongezea hapo. Kama umeingia Chrome kwa akaunti yako ya Google, kiendelezi kinaweza kurudi kupitia usawazishaji (sync), hasa kama unaitumia na kwenye kompyuta nyingine. Zima usawazishaji kwanza, safisha, ndipo uwashe. Pia bonyeza kulia ile ikoni ya Chrome ya mezani, chagua Properties, angalia mahali inapoelekeza (Target): inatakiwa iishie chrome.exe. Ukikuta baada ya hapo kuna anwani ya tovuti, ifute hiyo anwani. Kuna jamaa hosteli alisafisha kila kitu akasahau ikoni tu.

Halafu wakuu swali la pembeni: flashi yangu mafaili yamegeuka shotikati, ni ugonjwa huu huu?

Jiwe la Malimbe
Hapana, hicho ni kirusi cha flashi, na mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Usibonyeze hizo shotikati. Skani flashi, kisha kwenye cmd (dirisha la kuandika amri, Windows na R, andika cmd) andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadili E iwe herufi ya flashi yako. Fungua uzi wako tuendelee huko.

Mama Steshenari
Wabeja sana! AdwCleaner imekuta vitu, nimekubali vyote, ikawaka upya. Ule mstari wa shirika umeondoka na Google imerudi. Kwenye ratiba kulikuwa na kazi moja yenye jina la ile ile ya PDF, nimeizima. Rejista sikulazimika kuigusa, nashukuru maana nilishaanza kutoka jasho.

Kokoto la Bwiru
Hongera mama. Ila usifunge uzi. Hizi programu za PDF si za kuchukulia kama matangazo tu. Agosti 2025 watafiti wa usalama walitoa taarifa ya moja inayoitwa AppSuite PDF Editor. Ilitangazwa kwa matangazo ya Google, ikasakinishwa ikawa inafanya kazi vizuri kabisa, halafu baadaye ikapokea sasisho na kuanza kuiba nywila na kumbukumbu za kuingilia zilizohifadhiwa kwenye brauza. Sisemi ni hiyo yako. Lakini kama ulihifadhi nywila kwenye Chrome, badilisha ya barua pepe na za maana nyingine, ukitumia simu, na uiambie akaunti yako ya Google itoke kwenye vifaa vyote. Wanafunzi walioingia akaunti zao za maombi hapo dukani waambie nao wabadilishe.

Na tusidhani ni vya kushusha pekee. Februari 2015 iligundulika laptopu kadhaa za Lenovo zilitoka kiwandani na programu ya matangazo ya Superfish ndani yake, ikijipenyeza hadi kwenye kurasa salama. Mwaka 2017 kampuni ikamalizana na tume ya biashara ya Marekani juu ya jambo hilo. Kwa hiyo hata mpya ndani ya boksi, ifungulie appwiz.cpl uone ilichokuja nacho.

Mama Steshenari
Nitawaambia. Sasa wateja wa PDF kwenda Word niwafanyeje? Wanakuja kila siku.

Jiwe la Malimbe
Word yako ni ya mwaka gani? Kuanzia 2013 Word inafungua PDF yenyewe. Bonyeza kulia lile faili, chagua kufungua kwa Word, itakuonya kwamba mpangilio unaweza kubadilika, kubali, hifadhi. Huhitaji programu nyingine. PDF iliyoskaniwa kama picha ni habari tofauti, hiyo mwambie mteja alipie uichape, ndiyo kazi yako.

Kwa kijana, mfungulie akaunti ya kawaida ya Windows isiyo ya msimamizi, ya msimamizi ikae na nywila unayoijua wewe. Programu nyingi zitaomba nywila kabla ya kuingia. Zipo zinazojiweka kwenye akaunti ya mtumiaji bila kuomba, lakini hizo haziwezi kuweka sera ya mashine nzima kama ile. Halafu Windows Security, sehemu ya udhibiti wa programu na brauza, hakikisha kuzuia programu zisizotakiwa kumewashwa. Microsoft wanaiwasha yenyewe tangu Agosti 2021, ila mashine za mtumba unaweza kukuta fundi aliizima.

Matangazo ya kwenye kurasa: weka brauza ya Firefox na kiendelezi cha kuzuia matangazo kinachoitwa uBlock Origin. Kwenye Chrome ile kamili haifanyi kazi tena, iliyobaki ni uBlock Origin Lite, inasaidia kiasi. Bando utaliona linavyopumua.

Kokoto la Bwiru
Na Windows 10 yako, msaada wa kawaida wa Microsoft uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ingia kwenye sehemu ya masasisho uone kama inakupa kujiandikisha kwa nyongeza ya usalama.

Fundi Makoroboi
Sawa wataalamu, mmeninyang'anya elfu ishirini mchana kweupe. Dada, RAM 4 kwa duka ni kuteseka, nikuletee 8 nikufungie hapo hapo Nyegezi?

Mama Steshenari
Lete bei kaka, tuongee. Ila ile flashi yako iache Makoroboi.