Kadi moja, watoto wanne

Kikundi: Ukoo wa Bibi Mwanahawa

Mjomba Saidi (Muscat): Assalaam alaykum jamani. Nipo dukani. Switch ya watoto, ile mashine ya gemu, nimeshaichukua, bado kadi ya gemu. Ziko Mario mbili: Super Mario Bros. Wonder na New Super Mario Bros. U Deluxe. Hela iliyobaki inatosha moja. Nichukue ipi?

Shangazi Mwana: Waalaykum salaam. Mimi sizijui, ila chukua isiyowagombanisha. Likizo iliyopita kila jioni nilikuwa nasuluhisha.

Rama: Shikamooni. Mjomba, U Deluxe! Ndani ina na New Super Luigi U, jumla hatua 164. Hatumalizi leo wala kesho.

Mjomba Saidi: Marahaba. Zote wanacheza wanne?

Rama: Ndiyo, wanne kwenye TV moja.

Dada Salma: Rama, mwambie mjomba na lile la kusukumana. Kwenye U Deluxe wachezaji wanagongana. Ukimwangukia mwenzio kichwani, wewe unapaa yeye anapoteza mwendo. Unaweza hata kumbeba ukamtupa. Mnakumbuka Abdul kwa jirani? Alikuwa juu ya kile kibao kidogo kinachotembea, chini lava, ametulia anasubiri kifike. Rama akarukia palepale, mtoto akaenda chini. Alilia mpaka akakataa chai.

Rama: Dada, sikukusudia, na nilimwomba radhi. Lakini kubebana kunasaidia pia, unamvusha mdogo pagumu. Akifa anarudi ndani ya kiputo, unampasulia anaendelea. Halafu kuna mhusika anaitwa Nabbit, adui hawamdhuru. Abdul amchukue huyo.

Dada Salma: Adui hawamdhuru, sawa, lakini wewe unamsukuma vilevile, na shimo halichagui.

Mama Abdul: Wifi, hiyo Wonder ikoje? Huyu ana miaka mitano, kubonyeza anajua, kuruka kwa wakati ndiyo bado.

Dada Salma: Wifi, Wonder ni ya 2023 na humo wachezaji wanapishana tu, hakuna kugongana. Ukifa unakuwa kivuli kinachoelea, una sekunde chache za kumgusa mwenzio ufufuke. Kwa hiyo watoto wanaitana, "njoo huku, niguse!" Mimi nimeicheza na wanangu na hicho ndicho nilichokipenda. Abdul atamchukua Yoshi, yule dinosaria mdogo, adui hawamdhuru. Kasoro yake, hawezi kutumia nguvu za ziada, kama lile tunda la kugeuka tembo. Na kioo kinamfuata mwenye taji, kwa hiyo Rama asikimbie akamwacha mtoto nyuma.

Rama: Mnageuka tembo??

Dada Salma: Tembo kabisa, unavuta maji kwa mkonga. Na ukiligusa Ua la Maajabu, mabomba yanaanza kutambaa kama viwavi.

Shangazi Mwana: Saidi, mwanangu, umesikia. Wasiogongana.

Mjomba Saidi: Nimesikia. Ila boksi lina Joy-Con mbili tu. Si pedi mbili hizo?

Rama: Ndiyo mjomba, kila mtu anashika moja kwa kuilaza. Wanne tunahitaji mbili zaidi.

Mjomba Saidi: Basi zile kandambili nilizotaka kujinunulia zinasubiri. Rama, wewe ndiye mkubwa wao. Unasemaje?

Rama: U Deluxe bado naipenda, mjomba, kule kubebana ndiko kunakonifurahisha. Lakini tukicheza ile Abdul atakaa pembeni anatutazama, nami sitaki. Chukua Wonder.

Mama Abdul: Ahsante baba, Mungu akuzidishie.

Mjomba Saidi: Nimelipa. Wonder na pedi mbili, zipo kwenye mfuko.

Mama Abdul: Abdul yuko hapa ananivuta simu, anauliza Yoshi wa bluu yupo?

Dada Salma: Yupo. Wa kijani, mwekundu, njano na bluu hafifu.

Mama Abdul: Amesema bluu ni wake, asiguse mtu.

Rama: Mwambie wake. Na kwenye Wonder Mario anampanda Yoshi mgongoni, kwa hiyo safari hii yeye ndiye atanibeba mimi.