Naomba ushauri: malipo na vibao vya maegesho ya kituo cha treni siku za mechi kubwa

Wakuu, habari zenu. Nasaidia kupanga maegesho ya kituo ambako watu huacha magari wakapanda treni kwenda uwanjani. Siku ya mechi kubwa wageni hufika kwa mkupuo, wanaganda mbele ya mashine wakisoma maelezo marefu ya kulipa kwa simu, na mtandao nao unazidiwa. Foleni inarudi hadi barabarani. Inaniuma, maana hao ndio tunaotaka waizoee treni.

Nafikiria bei moja ya siku nzima, ilipwe mapema pamoja na tiketi, na kibao cha “PAMEJAA” kikae kabla ya njia panda, si getini ambapo dereva hawezi tena kugeuza. Ila wasio na simu janja walipeje bila kurudisha foleni? Na abiria wa kila siku, tuwatengee sehemu yao? Mliowahi kusimamia hili, nielekezeni.