Siti ya baiskeli inanitia ganzi, nichukue ipi kwa safari ndefu?

Pedeli_Kavu:
Wakuu habari za humu. Niingie kwenye mada. Mimi mwanaume wa miaka 46, naendesha baiskeli mwaka wa sita huu, kama kilomita 150 kwa wiki. Siku hizi nikimaliza mzunguko mrefu nashuka na ganzi huku chini, katikati ya korodani na njia ya haja kubwa. Nikienda kukojoa mkojo unasita, unaanza, unakatika. Usiku naamka mara mbili. Nimeshaagiza siti yenye uwazi katikati, na wiki tatu zijazo nina safari ya kilomita 200 na wenzangu, nimeshajiandikisha. Swali: siti ya uwazi inatosha au niruke moja kwa moja kwenye zile zisizo na pua, yaani ile ncha ya mbele? Wenye uzoefu tu. Utani tuweke pembeni.

Zege_la_Jana:
Umeandika "huku chini" halafu unaomba utani uwekwe pembeni. Haya, nimekaa mstari wa mbele.

Gia_ya_Tatu:
Mkuu umefika penyewe. Kosa la kwanza la watu ni kununua siti laini kama mto. Sponji nene inabonyea pale mifupa ya makalio inapokaa, halafu inapanda katikati na kukukaba msamba. Mshipa wa fahamu na mishipa ya damu ya uume inapita hapo hapo, ndiyo ganzi yako hiyo.

Chukua kipande cha boksi, kiweke juu ya kiti kigumu, ukalie umeinama kama unaendesha. Utaona vishimo viwili. Pima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine, ongeza kama sentimita 2, hapo unapata upana wako. Weka pima maji juu ya siti, ilale sawa au pua ishuke kidogo sana. Chupi usivae ndani ya kaptula ya sponji, ule mshono utakuua. Na usikae muda wote, simama kwenye pedeli kila baada ya dakika kumi hivi.

Zisizo na pua zinafanya kazi. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, iliwapa polisi wa doria za baiskeli watumie kwa miezi 6 na ganzi ikapungua sana. Ila ujue kwenye kona mapaja hayana pa kushikia. Mimi siku ya tatu nayo niliingia mtaroni mzima mzima, baiskeli juu, mimi chini, na watoto wa shule wananihesabia. Kovu la kiwiko ninalo mpaka leo.

Muuguzi_wa_Zamu:
Kabla ya siti. Mkojo rangi gani? Unaunguza? Umeshapimwa?

Tulia_Baba:
Miaka 46, kilomita 150 kwa wiki. Mtu mzima na kaptula ya kubana. Mwili una lugha yake, ukikataa kuusikiliza utakuzungumzisha kwa nguvu. Mimi nilistaafu mpira nikiwa na miaka 35 na sijawahi kujuta.

Pedeli_Kavu:
@Gia_ya_Tatu asante sana mkuu, nimepima sasa hivi, vishimo vimekuja milimita 123. Kwa hiyo niko sawa na niliyoagiza.

@Muuguzi rangi ya kawaida. Kuunguza hapana. Kupima nilienda ila sikumaliza.

Mama_wa_Kilima:
Hukumaliza kivipi? Vipimo havina nusu.

Pedeli_Kavu:
Dah. Basi niseme. Daktari mwenyewe kijana, naweza kumzaa. Kaniuliza maswali vizuri tu, kaniambia nilale ubavu wa kushoto, magoti yaje kifuani, atapima tezi dume. Nimelala, ile karatasi ya kitandani imeninata pajani, naangalia ukutani kuna mchoro wa figo. Nikasikia glovu inavutwa, paa. Halafu kifuniko cha jeli. Nikamwambia samahani daktari, simu inaita. Nikavaa, nikatoka nayo sikioni mpaka getini. Simu ilikuwa imezimwa.

Zege_la_Jana:
Hahahaha simu imezimwa na mtu anaongea nayo mpaka getini! Uliongea na nani, tezi dume?

Jiwe_la_Pili:
Mimi nilimwomba avue saa kwanza. Nasema ukweli.

Mama_wa_Kilima:
Wanaume mna kesi. Kidole kimoja, haifiki hata dakika, mtu anakimbia jengo. Mimi nimeendesha miaka tisa, na mwaka mmoja nilipata maambukizi ya mkojo mara nne. Wakaamua kuniangalia kibofu kwa kamera. Ni mrija mwembamba unaojipinda, wanaupitisha palepale mkojo unapopita, wamekupaka jeli ya ganzi kwanza. Mwenzenu nikawa naangalia ndani ya kibofu changu kwenye skrini, kipo cha waridi, kina vishipa kama jani. Inakera, sidanganyi, na siku nzima baada ya hapo kukojoa kuliwasha kama pilipili. Lakini sikutoka na simu sikioni.

Mti_Shamba:
Ndugu mleta mada, ipo mizizi inasafisha njia ya mkojo na kurudisha heshima ya ndoa ndani ya siku 7. Njoo pm.

Muuguzi_wa_Zamu:
Usiende pm. Nijibu mimi. Rangi ya kawaida SIKU ZOTE?

Gia_ya_Tatu:
Nyongeza: 123 + 20 = 143. Ukipata ya 145 chukua, usihangaike.

Pedeli_Kavu:
@Muuguzi siku zote ni neno kubwa. Kuna mara mbili, tatu, ulitoka kama maji yaliyooshewa nyama. Haukuuma kabisa, ndiyo maana sikuona haja ya kuandika. Nilikunywa antibiotiki zilizobaki za mke wangu, siku mbili, wekundu ukakata wenyewe. Nimesoma kwamba mazoezi makali yanaweza kutoa damu kwenye mkojo na ni jambo linalojulikana. Pia kuna utafiti wa California wa 2017, walilinganisha waendesha baiskeli na waogeleaji na wakimbiaji, wakakuta wa baiskeli hawana hali mbaya zaidi ya mkojo. Kwa hiyo tusikuze mambo. Naomba turudi kwenye siti.

Muuguzi_wa_Zamu:
Haturudi kwenye siti.

Moja, damu ya mazoezi ipo kweli, lakini ukipumzika inaisha ndani ya siku tatu. Zile mara mbili tatu ulikuwa umetoka kuendesha?

Mbili, huo utafiti ninaujua. Uliuliza watu dalili zao kwa ujumla, na walikuta pia njia ya mkojo iliyobana inawapata zaidi kidogo wa baiskeli. Hakuna mahali utafiti huo umesema damu ipuuzwe.

Tatu, nusu dozi ya dawa ya mtu mwingine inaweza kuficha vijidudu mkojo ukioteshwa maabara. Utaonekana msafi na si msafi.

Nne, umesema haiumi kana kwamba ni habari njema. Damu ya kuonekana kwa macho, bila maumivu, kwa mtu wa umri wako, ndiyo inayotufanya tuharakishe.

Jiwe_la_Pili:
Lance Armstrong, yule mwendesha baiskeli wa Marekani, si alifanya hivi hivi? Korodani imevimba, akadhani ni mambo ya siti, mpaka akakohoa damu. Oktoba 1996 wanampima, saratani imeshafika kwenye mapafu na ubongo. Ana miaka 25.

Tulia_Baba:
Huyo si ndiye aliyenyang'anywa mataji 7 ya Tour de France, yale mashindano ya baiskeli ya Ufaransa? Mfano gani huo wa kumpa mgonjwa.

Jiwe_la_Pili:
Mataji walichukua 2012, saratani ilikuwa ya kweli. Haya chukua Ivan Basso, naye wa baiskeli. Tour de France ya 2015 alianguka, korodani ikawa inauma, akapimwa, wakakuta uvimbe. Angekaza meno na kusema ni kuanguka tu, je?

Tulia_Baba:
Basso naye si alifungiwa kwa dawa?

Zege_la_Jana:
Uzi umeshakuwa wa dawa za kulevya.

Gia_ya_Tatu:
Siyo za kulevya, ni za kuongeza nguvu. Tofauti.

Mpekuzi_Daima:
Wakuu mnanyweshwa chai na mnashukuru. Nimeona hayo maneno "maji yaliyooshewa nyama" nikasema hii lugha nimeshaisoma. Nimepekua. Miezi saba iliyopita mwanachama huyu huyu alifungua uzi wenye majibu mawili tu, nanukuu: "Shemeji yangu anaendesha baiskeli, juzi mkojo wake umetoka kama maji yaliyooshewa nyama, hauumi, je ni siti?" Leo shemeji amekuwa yeye. Simu imezimwa, glovu paa, mchoro wa figo... huyu ni mtunzi anajaribishia stori zake kwetu. Mods fungeni.

Zege_la_Jana:
Aisee. Chai ya rangi kabisa. Na mimi nimecheka bure.

Mama_wa_Kilima:
Nimeeleza kibofu changu mbele ya watu kwa ajili ya mtunzi? Nyie.

Tulia_Baba:
Nilijua. Mtu mwenye shida ya kweli haandiki vizuri hivi.

Gia_ya_Tatu:
Lakini vipimo vya boksi vilikuwa vya kweli, milimita 123 huwezi kubuni.

Mti_Shamba:
Ofa ya mizizi bado ipo kwa wenye shida halisi.

Muuguzi_wa_Zamu:
Subirini kwanza. @Pedeli_Kavu, swali moja na ujibu hilo tu. Shemeji yupo au hayupo?

Mpekuzi_Daima:
Kapotea. Saa mbili kimya. Kesho atakuja na mjomba.

Pedeli_Kavu:
Hayupo. Sina shemeji anayeendesha baiskeli.

Ilikuwa mimi. Mara ya kwanza ndiyo hiyo, miezi saba. Na @Muuguzi, swali lako la juu nililiruka: mara ya mwisho nilikuwa sijagusa baiskeli siku tisa, cheni ilikuwa imekatika. Nilisimama chooni nikasema siti haiwezi kuwa ndiyo, kisha nikaenda kuagiza siti.

Mke wangu hajui. Anajua nina ganzi tu.

Zege_la_Jana:
Mkuu nisamehe.

Mpekuzi_Daima:
Basi nafuta neno chai. Ila ungesema mapema.

Muuguzi_wa_Zamu:
Angesema mapema usingepekua. Tuendelee.

Damu inatoka mwanzo wa mkojo, mwisho, au wote? Na je, umewahi kuoga au kuvuka maji ya mto, ziwa, bwawa?

Pedeli_Kavu:
Mwisho. Matone ya mwisho ndiyo mekundu kuliko yote. Maji, utotoni sana tu, bwawani. Na mwaka juzi tulivuka mto baiskeli mabegani, maji ya magoti, tukakaa kunawa pale kama nusu saa.

Muuguzi_wa_Zamu:
Kichocho nacho kiwe kwenye orodha basi, hicho kinapenda kutoa damu mwishoni na kina dawa. Mayai yake huonekana zaidi kwenye mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo usipeleke wa alfajiri ukadhani umewahi. Lakini inaweza kuwa jiwe, tezi dume, maambukizi, na inaweza kuwa uvimbe wa kibofu. Sijui mimi, hujui wewe. Usijichagulie kichocho kwa sababu ndicho chepesi.

Baiskeli iache ukutani kuanzia leo. Wakitaka kupima damu ya tezi dume, ile PSA, siku mbili kabla usiendeshe na usimwage mbegu, na kama kuna maambukizi yatibiwe kwanza, vinginevyo namba inaweza kupanda bure na utatishika bure. Waambie zile antibiotiki. Waambie miezi saba, usiseme "hivi karibuni".

Pedeli_Kavu:
Na ile safari? Nimeshajiandikisha. Si naweza kwenda nikirudi nikapime, wiki tatu tu baada ya miezi saba?

Mama_wa_Kilima:
Umeshamsikia mwenyewe mtu anayejibu swali lake?

Gia_ya_Tatu:
Mkuu mimi ndiye nilikusimulia mambo ya boksi na pima maji. Ningejua nisingeandika hata mstari. Hiyo safari iache, mwakani nitakuja tuendeshe wote, nitakuwa nyuma yako na siti yenye pua.

Jiwe_la_Pili:
Na ukimpata daktari mwingine si lazima awe mzee. Huyo kijana hatakumbuka sura yako, hakuiona.

Zege_la_Jana:
Hii sijaisema mimi.

Pedeli_Kavu:
Siku ya pili. Niko kwenye benchi, saa 5 na dakika 40. Nimepewa kikopo, nimekijaza, nimekifunika na leso kwa sababu kuna mama na mtoto mbele yangu. Ni yule yule kijana. Amenitambua. Kaniuliza imeanza lini, nikasema miezi saba, akaacha kuandika akaniangalia, akaandika tena. Kidole kimeshapita, sitaki maswali. Altrasaundi baada ya hapa, na tarehe ya kamera wananipa leo. Mke wangu yuko nje, anaegesha.

Mama_wa_Kilima:
Siku ya kamera uliza jeli ikae dakika kadhaa kabla hawajaanza. Usione aibu kuwakumbusha.

Tulia_Baba:
Mungu akutangulie.

Mpekuzi_Daima:
Mkuu, samahani kama si wakati wake. Ile siti ya uwazi kama hutaitumia kwa sasa, ni ya upana gani?

Pedeli_Kavu:
145. Bado sijafungua boksi.